Mitatu kwa Miwili

Mitatu nilisoma Chang'ombe,
chuo kidogo, maktaba ya mabati,
mhadhiri wa falsafa ndiye huyohuyo wa fizikia
kila Alhamisi, akibadilisha miwani tu.
Kisha, fomu ilivyosema, miwili
upande wa pili wa jiji, kwa wahandisi.
Miaka mitano, vyeti viwili.

Baba, muuza nondo wa Buguruni,
alipiga hesabu juu ya mfuko wa saruji uliochanika:
mitatu ya maneno,
miwili ya kazi.
"Kwa nini tusilipie hiyo miwili tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na insha.

Mwalimu Zamda alitufundisha kwamba mkazo
hauangukii mwisho wa neno.
Huangukia silabi moja kabla,
kama mtu aliyekaa kiti cha pembeni
kumbe ndiye mwenye shughuli.
Halafu akagonga meza: barabára ya magari,
barábara, yaani sawasawa.
Ukikosea mkazo, umekosea njia.

Baadaye, maabara, mkazo ukapata namba.
Mchemraba wa zege, siku ishirini na nane majini,
tuliuweka kwenye mashine,
Tumsifu akisoma sindano, mimi nikisikiliza.
Kabla haujapasuka hutoa sauti ndogo,
si mlio,
ni kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya swala.
"Andika," akasema Tumsifu.
Niandike nini?
"Mia sita na tatu. We vipi?"

Mwaka wa tano tulipewa Mkwajuni:
kivuko cha waenda kwa miguu, juu ya mfereji
ambao kiangazi ni uzi wa maji machafu
na masika hauna jina.
Wenzangu walipima kwa darubini.
Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa
uani kwa Bi Siwema, anayekaanga mihogo,
nikamuuliza maji huja lini.
Hakugeuka. "Hayaji. Yanarudi."

Usiku, pembeni mwa hesabu za mtiririko,
mkono ukaniponyoka:

*Maji hayaji, yarudi, nyumba yao yakumbuka,*
*Sisi ndio tumezidi, mlangoni kujiweka,*
*Daraja halina budi, kwa adabu kuinuka,*
*Mwenye nyumba hana hodi, mpangaji huondoka.*

Injinia Mwakatundu alirudisha karatasi.
Wino mwekundu, herufi za kuchonga:
"Mizani imetimia. Kina kipo.
Kimo cha daraja ni mita ngapi?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu,
kisha nikarudi Mkwajuni na futi ya fundi.

Ukutani kwa Bi Siwema, nyuma ya kabati la vyombo,
kulikuwa na mistari ya mkaa.
Huu, mwaka aliozaliwa Shani.
Huu, godoro liliondoka na paka juu yake.
Huu hapana, huu ni wa mtoto, alikuwa akijipima urefu.
Nilipima yote, hata wa mtoto.
Hakuna kitabu cha takwimu kilichokuwa na ukuta ule,
na wenye darubini hawakuombwa kusogeza kabati.

Mita mbili na nukta sita, nikaandika.
Injinia akatia vema, hakusema neno,
ila ule ubeti hakuukata.
Baba hataki habari za mkaa.
Anauliza nondo ni za milimita ngapi,
na wataagiza lini, na nani analipa.
Michoro ipo ndani ya bomba la plastiki
chini ya kitanda changu. Kivuko hakipo.

Machi, saa kumi alfajiri, simu:
"Nimechora mpya," alisema Bi Siwema,
"kidole kimoja juu ya ule wa Shani."
Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana, zinaelea.

Niliwasha taa, nikafungua daftari,
nikafuta kimo.
Ubeti nikauacha, ila neno *adabu*
nikalipigia mstari,
kwa penseli, silabi ya pili kutoka mwisho.